Karakana Iliyoitwa Bure

Ninyi mnaoingia sasa katika kazi ya kuyeyusha shaba mna glavu, mna miwani, mna simu ya kuuliza kila kitu. Siwaonei wivu. Nawaomba jambo moja tu: kabla ya kuiuliza simu, ushikeni mchanga. Chukua konzi moja ya mchanga wa kalibu, ule tunaoumiminia shaba, uukamue, kisha ufungue kiganja. Ukimomonyoka, una kiu. Ukibaki na alama za vidole vyako, na ukiuvunja ukakatika kama mkate wa jana, uko tayari. Ukikuachia unyevu mkononi, uache ukauke, maana shaba iliyoyeyuka na maji havijawahi kupatana. Mimi somo hilo nilililipia kwa nyusi zangu. Kalibu ilitema moto, nikaanguka chali, na mwalimu wangu akaja kunitazama, akahakikisha kwamba macho yapo, kisha akasema, "Leo kinyozi alikunyoa bila kukuuliza."

Mwalimu huyo ndiye Tata Mukendi; tata kwetu ni baba. Wazazi wake waliletwa kutoka mkoa wa mbali wa Kasai kufanya kazi ya mgodi. Yeye alizaliwa hapa Kolwezi, mji wetu wa migodi, akabatizwa hapa, akamwoa Mama Ngalula hapa. Kasai hakuwahi kuiona hata kwa dirisha la treni. Lishikeni hilo, kwa kuwa yote ninayowasimulia yanazunguka swali moja: je, mtu huyu angebaki, au angepelekwa "kwao", mahali asipopajua?

Kampuni kubwa ya serikali ilikuwa mama yetu na baba yetu. Ilitupa nyumba, unga, hospitali, shule, hata jezi za mpira. Kisha mgodi ukaporomoka, mashine zikasimama, mshahara ukawa hadithi. Njaa ilipoingia, wanasiasa wakatafuta wa kulaumiwa, wakawaonyesha kidole Wakasai. Kuta ziliandikwa neno bilulu, yaani wadudu. Watu waliotuuzia mkate na kuwafundisha watoto wetu hesabu walitolewa majumbani, wakaenda kulala stesheni chini ya mahema ya mashuka, wakingoja treni. Mvua ilikuwa imeanza. Wengine walizikwa kabla treni haijafika. Hapo sina utani.

Hata hivyo, katika msimu ule ule nilicheka kuliko nilivyowahi kucheka, na sababu ilikuwa Mmarekani mmoja.

Tulimwita Tata Deli. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuhubiri, na kofia ambayo sidhani aliivua hata kitandani. Kanisa lao lilikuwa limemleta kutazama shida zetu, lakini yeye mwenyewe hakuwa mchungaji. Alikuwa na kiwanda kidogo cha kuyeyusha vyuma katika bonde moja la kwao, na alikuwa mjumbe wa halmashauri kwa tiketi ya chama chao cha wahafidhina. Ndani ya pochi alibeba picha ya rais mmoja wa chama hicho, kama mama zetu wanavyobeba picha ya Bikira Maria. Bonde lao, alisema, liliishi kwa kiwanda kimoja kikubwa cha chuma. Kiwanda kilipokufa, watu walikaa barazani wakingoja kifufuke. Hakikufufuka. Waliolifufua bonde ni mafundi waliofungua karakana ndogondogo za binafsi, na halmashauri iliyowapunguzia kodi ikawaacha wafanye kazi. Alitaka kutusaidia tufanye vivyo hivyo.

Hayo aliyasema katika ukumbi wa kanisa, kwa Kiingereza, na aliyetafsiri alikuwa Pasta Kapenda, aliyejifunza lugha hiyo kwa wamisionari alipokuwa kijana huko Sandoa. Pasta alitafsiri vizuri mpaka alipofika kwenye neno ambalo Tata Deli alilipenda kuliko yote. Sasa, kwa Waingereza neno moja tu linabeba maana ya huru na maana ya bure. Pasta akachagua. Akainua mkono akatangaza, "Tata anasema, analeta kampuni ya bure!"

Watu wakasogea mbele kwenye mabenchi.

"Ya bure?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Bure kabisa," alisema Pasta. "Anasema Mungu njo anapenda ya vile."

Asubuhi yake mimi, Tata Mukendi na mafundi wachache tulipofungua lango la uwanja aliotukodia Tata Deli kwa karakana, tulikuta watu wamejipanga hadi barabarani. Walikuja na mabeseni, madumu na magunia. Mtu mmoja alikuja na mkokoteni. Mbele kabisa alisimama mama mmoja muuza samaki wakavu, beseni kichwani, ametulia kama anayengoja kisima.

"Tata, mi nilikuya kukamata yangu," akamwambia Tata Deli.

Ilituchukua muda kuelewa kilichotokea, na muda mrefu zaidi kumweleza Tata Deli. Pasta Kapenda aliwaomba watu radhi, akawafafanulia kwamba kule Marekani uhuru na bure vinaitwa kwa jina moja. Yule mama akashusha beseni lake.

"Kumbe?" akasema. "Kama kwenu uhuru na bure iko kintu kimoja, mulipata bahati. Siye uhuru tulilipia. Na tunalipa mupaka leo."

Watu wakacheka hadi mwenye mkokoteni akaukalia. Tata Deli alipotafsiriwa, alivua kofia yake, nikajua kumbe inavulika, akamwinamia yule mama. Siku zote baadaye alisema hiyo ndiyo hotuba bora ya siasa aliyoisikia Afrika. Na karakana ikapata jina bila sisi kuulizwa. Tulikuwa tumechora kibao kizuri chenye maneno ya Kifaransa. Hakuna aliyekisoma. Watu walisema, "Naenda Kwa Bure kutengenezesha kinu," na mwenye deni aliambiwa, "Kwa Bure wanakutafuta."

Tata Deli alitufundisha mambo mawili ambayo kampuni kubwa haikutufundisha. La kwanza ni kuchonga sanamu moja ya mbao, ile inayokandamizwa mchangani kuacha umbo, yenye vipande vingi, ili kalibu moja izae vitu vingi kwa mmimino mmoja. La pili ni swali. Kwenye kampuni, karatasi ilikuja na mchoro, nasi tukayeyusha. Hakuna aliyejua kipande kinakwenda wapi. Tata Deli alituambia: mteja akija, usimuulize anataka nini, muulize nini kimevunjika. Mtu wa Kasaji alikuja na baiskeli akitaka bushi zilizo nene zaidi, zile pete za shaba zinazoshika mhimili wa kinu chake cha mahindi, kwa sababu nyembamba ziliisha haraka. Tulipomuuliza nini huvunjika, akatueleza, tukagundua bushi haina kosa, ni mafuta hayafiki. Tukamtobolea njia ya mafuta katika bushi ile ile nyembamba. Mwezi uliofuata walikuja wenye vinu wote wa njia ya Mutshatsha, nyuma yake kama harusi. Mafundi waliokuwa wakikaa kwenye viti mbele ya nyumba za kampuni wakaanza kuja kuuliza kazi, wengine wakafungua karakana zao mtaa wa pili, wakatuibia wateja. Nilipomlalamikia Tata Deli, aliruka kwa furaha. "Ndivyo inavyotakiwa!" akasema.

Lakini msidhani tulikubaliana naye kwa kila kitu. Mchana, tulipokula bukari, yaani ugali, kwenye kivuli cha ukuta, yeye na Tata Mukendi walibishana kama majirani wenye uzio mmoja.

"Serikali itoke njiani tu," Tata Deli alisema, nami nikatafsiri kwa Kiingereza nilichokuwa nikijifunza katika kamusi ya Kifaransa. "Mtu mwenye mikono na akili atafika mwenyewe."

Tata Mukendi alilimega tonge lake bila haraka. "Muambie hivi. Serikali yetu ilisha kutoka mu njia zamani. Ilipotoka, ikabeba na njia."

Tata Deli alicheka, kisha akauliza barabara ya Kasaji ilijengwa na nani. Mimi si mtu wa siasa, na yote ninayoyajua nimeyasoma mwenyewe, polepole. Ila nimepima hivi: Mmarekani alikuwa sahihi kuhusu mikono, na Tata Mukendi alikuwa sahihi kuhusu njia. Karakana inahitaji vyote viwili. Atakayewauzia nusu moja tu, mwulizeni nusu ya pili iko wapi.

Jambo moja Tata Deli hakuliweza kwa hotuba. Mkuu wa mtaa alikuja kumwambia kwamba Mkasai haruhusiwi kufanya kazi mjini. Tata Deli alijibu kwamba karakana ni mali ya binafsi na yeye huajiri ujuzi, haajiri kabila. Mkuu wa mtaa akamsikiliza kwa adabu, na juma lile lile Tata Mukendi, Mama Ngalula na watoto wao wanne wakatolewa katika nyumba yao ya kampuni. Wakaenda stesheni kama wengine. Kila asubuhi Tata Mukendi alitembea kutoka stesheni hadi karakana, akafanya kazi, jioni akarudi kwenye hema la shuka. Wanajeshi walimwacha kwa sababu moja: treni haikuwepo. Ikija, alikuwa na amri ya kupanda.

Treni ikaja. Ikasimama stesheni, mabehewa yakajaa, na haikuondoka.

Siku ya tatu mkuu wa stesheni, Tata Mwepu, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, aliingia karakanani akibeba kitu kizito ndani ya gunia. Akakimwaga mezani. Zilikuwa kusinee, vile vipande vya shaba na bati vilivyopinda kama kiganja, ambavyo hukaa juu ya ekseli ya behewa na kubeba uzito wote. Zilikuwa zimeungua, nyeusi, zimepasuka.

"Treni yangu imekufa miguu," akasema. "Mu depo wameiba zote. Hata depo ya Likasi haina. Nani anaweza kunitengenezea?"

Jibu lilikuwa limesimama mbele yake likipangusa mikono. Katika Kolwezi nzima aliyewahi kumimina kusinee za reli na bado yupo alikuwa Tata Mukendi.

Mimi nilimvuta pembeni. "Tata, tuseme chungu kimepasuka. Tuseme hatuna bati. Bila kusinee treni haiendi, na wewe hauendi."

Alinitazama kama siku ile ya nyusi. "Ilunga, mule mu gare ya treni kuko mama mumoja anangojea kuzaa chini ya shuka. Kuko batoto banakohoa tangu juma lote. Utaenda kubaambia bangojee juu Mukendi hapendi kusafiri?"

"Lakini utapanda na wewe."

"Basi nitapanda mu treni yenye miguu mizuri," akasema. "Leta makala, tuwashe tanuri."

Sikilizeni sasa namna ilivyofanyika, maana iko siku mtaihitaji. Kwanza tulichemsha zile kusinee mbovu kwa moto mdogo, ile ngozi laini nyeupe ya ndani, ya risasi na bati, ikashuka kama samli, tukaiweka kando. Kisha tukawasha tanuri kwa makaa ya Mutshatsha, tukaweka chunguni shaba safi ya nyaya. Shaba ikiyeyuka hunywa hewa, na shaba iliyokunywa hewa hutoa kitu chenye matundu kama mkate. Dawa yake ni mti mbichi. Tata Mukendi alikata mti wa msituni wenye utomvu, akauzamisha ndani ya chungu, akakoroga. Shaba ikanguruma, ikacheka, ikatoa moshi wa kijani.

Habari ilikuwa imefika stesheni, na wanawake walikuwa wamekuja kutazama, Mama Ngalula mbele yao.

"Muone bwana yangu!" akawaambia wenzake. "Nyumbani hata mwiko ya bukari hashike. Huku anakoroga kama bibi harusi!"

"Bukari ya huku haiunguze mukono ya mutu mwenye akili," Tata Mukendi akajibu bila kugeuka.

"Basi kesho utapika."

"Kesho niko mu treni."

Hapo mwanamke mmoja akaanza kuimba, na wengine wakapokea, wimbo wa kutwangia, wenye mapigo ya mchi. Tata Mukendi akaukoroga ule mti kwa mapigo hayo hayo. Akachota tone la shaba, akalimwaga juu ya bamba, akalitazama mgongo linapoganda. Mgongo ukizama, shaba bado imeshika hewa. Ukivimba, umekoroga kupita kiasi. Ukilala sawa, basi. Ulizama. Akakoroga tena. Ulipolala sawa, akanyoosha mkono nimpe bati.

Na umeme ukakatika.

Feni ya kupuliza tanuri ikapunguza mwendo, ikakaa kimya. Moto ukaanza kubadilika rangi. Shaba ikiganda chunguni, umepoteza shaba na chungu. Tata Deli alikuwa ameshaona. Alikimbilia baiskeli ya yule mteja wa Kasaji, aliyekuwa amekuja kuchukua bushi nyingine, akaipindua miguu juu, tukafunga mkanda kutoka gurudumu hadi kwenye feni, naye akapiga magoti akaanza kuzungusha pedali kwa mikono. Feni ikalia. Moto ukarudi mweupe. Mjumbe wa halmashauri, pua chini, kofia nyuma, akizungusha kwa kufuata wimbo wa mchi.

"Tata Deli!" Tata Mukendi akamwitia. "Sasa njo ninaamini kazi ya binafsi!"

"Niambie tu shaba ikiwa tayari," akasema Tata Deli kwa pumzi iliyokatika, na kwa mara ya kwanza alisema Kiswahili bila mkalimani.

Nikampa bati, akachanganya, tukamimina. Sitaeleza mwanga ule, mnaujua au mtaujua. Kalibu zilijaa hadi kwenye milango ya juu, na hakuna iliyotema. Tulipozivunja, kusinee zilitoka kama mikate ya Krismasi, nasi tukazipaka ile ngozi nyeupe ndani, tukazikwangua hadi zikalala juu ya ekseli bila kucheza. Tata Mwepu alizishika moja moja, akazibusu. Kisha akauliza bili apelekewe nani, na Tata Mukendi akacheka hadi akashika meza.

"Tata Deli, unaona? Muteja mukubwa wa kwanza wa kampuni yako ya bure njo serikali!"

Siku ya kuondoka ilikuwa na jua baada ya mvua. Mabehewa yalikuwa yamejaa watu na sufuria, kuku wakitoa vichwa kwenye magunia. Kapiteni aliyesimamia safari alitembea kando ya reli akihakikisha hakuna aliyebaki. Tata Mukendi alikuwa chini, karibu na gurudumu la mwisho, akiweka mafuta kwenye sanduku la ekseli. Mama Ngalula alisimama nyuma yake na watoto, mizigo vichwani.

"Wewe pia," Kapiteni akasema. "Panda."

Tata Mukendi akapangusa mikono. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Ndipo Tata Mwepu akaja mbio, filimbi ikimpiga kifuani.

"Kapiteni, huyu hapandi."

"Ni Mukasai?"

"Hapana. Ni piesi ya kubadilisha, ile banaita spea."

Kapiteni akamtazama kama anayemtazama mlevi. "Piesi?"

"Piesi ya kubadilisha ya reli. Kusinee ikiungua mbele kule, utatafuta nani? Utakaa mu pori na baaskari bako, bantu bote hawa banakulilia, mupaka ingine itengenezwe. Na inatengenezewa wapi? Ku tanuri. Na tanuri iko wapi? Huku. Sasa ukipakia piesi mu treni, atamimina wapi, mu kofia yako?"

Baadhi ya askari waligeuka upande ili wasionekane wakicheka. Kapiteni alitazama gurudumu. Akatazama njia ndefu inayopotea kwenye nyasi. Nadhani alikuwa akiwaza juu ya pori.

"Na huyu mama?" akauliza.

"Huyu ni buloni yake, bolti yenye kumushika. Piesi haisimame bila buloni."

"Na batoto?"

"Bisi na rondele," Tata Mwepu akasema, yaani skrubu na pete zake, uso mkavu kama hakimu. "Reli inaheshimu piesi nzima, Kapiteni. Ukipoteza bisi, unapoteza yote."

Kapiteni akalitazama tena gurudumu. Kisha akamwambia Tata Mukendi bila kumtazama, "Piesi haitembee mu barabara. Inakaa mu depo." Akaendelea na safari yake kando ya mabehewa, na nikaona mabega yake yakitikisika.

Tata Mwepu akapuliza filimbi. Mabehewa yakagongana, yakavutika, yakaanza kwenda. Watu waliokuwa ndani walitupungia, na wapo walioimba, na Mama Ngalula alilia kwa kuwa dada yake alikuwa katika behewa la pili. Tata Mukendi hakupunga mkono. Aliinama, mkono sikioni, akayasikiliza magurudumu yakipita moja baada ya jingine. Kusinee mbaya hulia, nzuri haina la kusema. Behewa la mwisho likapita, na reli ikabaki kimya.

"Haisemi kintu," akasema, akanyooka.

Mama Ngalula alijifuta macho kwa kitenge, akampokea mtoto mdogo mzigo wake.

"Bisi, rondele," akawaita wanawe, "mukuye. Na wewe, piesi, makala ya tanuri bado iko ya moto? Leo utakoroga bukari."